Enzo Ferrari: Gari la mwisho la mzee wa Maranello

MNAMO Julai 21, 1987, waandishi wa habari walialikwa katika mji mdogo wa Maranello, kaskazini mwa Italia, kushuhudia gari jipya likifunuliwa. Mbele yao alikuwa mzee wa miaka 89, amevaa miwani myeusi kama ilivyokuwa desturi yake kwa miaka mingi. Umri ulikuwa umemlemea, na hafla za hadharani alikuwa amezipunguza mno.

Gari lenyewe lilikuwa jekundu, la kimo kifupi, na nyuma lilibeba bawa kubwa lililotandazwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Ndani halikuwa na redio wala zulia. Aliyetaka kufungua mlango akiwa ndani hakuona kishikio bali kamba ya waya ya kuvuta. Liliitwa F40, kuadhimisha miaka 40 tangu gari la kwanza lenye jina la mzee huyo liingie uwanjani mwaka wa 1947.

Mzee huyo alikuwa Enzo Ferrari. Lililoshangaza si kwamba alikuwa ameunda gari lenye kasi, maana hiyo ilikuwa kazi ya maisha yake. Lililoshangaza ni kwamba lilikuwa gari la barabarani. Kwa miongo minne Ferrari hakuyapa uzito mkubwa magari ya kuuzia matajiri. Kwake yalikuwa ng'ombe wa kukamuliwa ili mashindano yapate kugharamiwa. Ilikuwaje basi, akiwa anachungulia kaburi, nguvu zake za mwisho zikaelekea huko?

Mwana wa fundi wa vyuma

Enzo Ferrari alizaliwa mjini Modena mnamo Februari 1898. Babake, Alfredo, alimiliki karakana ya kufua vyuma karibu na nyumbani, na miongoni mwa kazi zake zilikuwemo za shirika la reli. Akiwa na umri wa miaka 10, Enzo alipelekwa Bologna kutazama mashindano ya magari. Felice Nazzaro aliibuka mshindi, na tangu siku hiyo mtoto huyo hakutamani kazi nyingine kwa muda mrefu.

Mwaka wa 1916 uliipiga nyumba hiyo pigo baada ya pigo. Baba alifariki kwa ugonjwa wa mapafu. Kaka yake, aliyeitwa Alfredo pia, akafariki mwaka huo huo. Enzo mwenyewe aliitwa jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, akawekwa katika kikosi cha mizinga ya milimani. Kazi yake huko ilikuwa kuwapigilia nyumbu viatu vya chuma. Aliugua vibaya na akaachiliwa.

Vita vilipokwisha alikwenda Turin kuomba kazi katika kampuni ya Fiat. Walimkataa. Nchi ilikuwa imejaa vijana waliorudi kutoka vitani na nafasi zilikuwa chache. Ilikuwa majira ya baridi, naye akaketi kwenye benchi katika bustani ya Valentino akalia. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe uzeeni, na ni vyema msomaji akiweke akilini, kwa kuwa Fiat itarudi katika maisha yake mara mbili.

Alipata kazi kwingine, akawa dereva wa majaribio, kisha dereva wa mashindano. Mwaka wa 1920 alijiunga na Alfa Romeo na akamaliza wa pili katika mbio za Targa Florio kisiwani Sicily. Alikuwa dereva mzuri, ila hakuwa miongoni mwa wale wa daraja la kwanza kabisa. Kipawa chake halisi kilikuwa kuwatambua watu na kuwavuta. Ni yeye aliyemshawishi mhandisi Vittorio Jano aihame Fiat na kwenda Alfa Romeo mwaka wa 1923, hatua iliyoifanya Alfa kuwa tishio Ulaya nzima.

Mwaka huo huo wa 1923 alishinda mbio za Savio mjini Ravenna. Huko akajuana na wazazi wa Francesco Baracca, rubani shujaa wa Italia aliyeuawa vitani mwaka wa 1918. Mamake rubani alimshauri achukue nembo iliyokuwa kwenye ndege ya mwanawe: farasi mweusi aliyeinua miguu ya mbele. Ferrari aliongeza rangi ya manjano, rangi ya Modena, nyuma ya farasi huyo.

Mnamo 1929 alianzisha timu yake, Scuderia Ferrari, iliyoshindana kwa kutumia magari ya Alfa Romeo. Mwanawe Dino alipozaliwa mnamo Januari 1932, aliweka usukani chini na kubaki msimamizi. Mwaka wa 1939 alikosana na wakuu wa Alfa akaondoka. Mkataba ulimfunga asitumie jina lake katika mashindano kwa miaka minne.

Maranello

Vita Vikuu vya Pili vilimkuta akiunda mashine za viwandani. Mwaka wa 1943 alihamishia karakana yake Maranello, kilomita chache kutoka Modena. Mabomu yaliifuata huko na kuiharibu. Aliijenga upya.

Gari la kwanza lenye jina lake, 125 S, lilikuwa na injini ya lita moja na nusu yenye silinda 12, iliyobuniwa na Gioachino Colombo. Silinda 12 katika injini ndogo kiasi hicho zilionekana anasa isiyo na maana. Mnamo Mei 1947 gari hilo lilishindana mjini Piacenza likaharibika njiani. Majuma mawili baadaye lilishinda Roma. Oktoba mwaka huo, Raymond Sommer alishinda kwa gari la Ferrari mjini Turin, katika bustani ile ile ya Valentino. Ferrari akaenda kuketi kwenye benchi lile lile akalia tena, safari hii kwa furaha.

Mengine yalikuja kwa kasi. Mwaka wa 1949 magari yake yalishinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa. Julai 1951, José Froilán González aliyashinda magari ya Alfa Romeo huko Silverstone, Uingereza, na kuipa Ferrari ushindi wake wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa langalanga. Alberto Ascari akatwaa ubingwa huo mwaka wa 1952 na 1953.

Mashindano yalikula pesa, na pesa hazikutoka kwingine ila kwa wateja. Waigizaji wa sinema, wafalme na wenye viwanda walifika Maranello kununua magari, na walijulikana kwa kungojeshwa mlangoni. Ferrari mwenyewe hakupanda ndege, hakupenda lifti, na katika miaka yake ya baadaye alijizuia kuhudhuria mashindano, akitosheka na simu na televisheni. Alitia saini kwa wino wa zambarau. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alipitia makaburini.

Kaburi hilo lilikuwa la Dino. Kijana huyo alikuwa na ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli ambao hauna tiba. Baba mtu, aliyezoea kupima kila kitu, alikuwa na daftari la kuandikia chakula alichokula mwanawe na hali ya mwili wake siku kwa siku, kama apimavyo fundi injini iliyo katika majaribio. Dino alifariki mnamo Juni 30, 1956, akiwa na miaka 24. Akiwa kitandani alikuwa akijadiliana na Jano kuhusu injini mpya ya silinda sita, na injini hiyo ikapewa jina lake.

Ilifika hata Kenya. Lancia Stratos zilizoshiriki Safari Rally ya 1975 zilibeba injini ya Dino. Sandro Munari alimaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, nyuma ya Ove Andersson wa Peugeot 504, gari ambalo Wakenya hawahitaji kuelezwa sifa zake.

Ferrari alikuwa na mwana mwingine, Piero, aliyezaliwa mwaka wa 1945 na mwanamke ambaye hakuwa mkewe. Maadamu mkewe Laura alikuwa hai, Piero hakutambuliwa hadharani. Laura alifariki mwaka wa 1978, na ni baada ya hapo Piero alipopata jina la babake.

Damu barabarani

Hakuna maisha ya Ferrari yanayoweza kusimuliwa kwa haki bila kuwahesabu waliokufa. Eugenio Castellotti alifariki akifanya majaribio mjini Modena mnamo Machi 1957. Luigi Musso alifariki Ufaransa mnamo Julai 1958, na Peter Collins akafuata Ujerumani mwezi uliofuata. Wolfgang von Trips alifariki Monza mwaka wa 1961 pamoja na watazamaji kadhaa. Lorenzo Bandini aliungua Monaco mwaka wa 1967. Gilles Villeneuve, ambaye mzee alimpenda kuliko wengi, aliuawa Ubelgiji mwaka wa 1982.

Mabaya zaidi yalikuwa ya Mei 12, 1957. Katika mbio za Mille Miglia, zilizopita katika barabara za kawaida, tairi la gari la Alfonso de Portago lilipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo. Dereva, msaidizi wake na watazamaji tisa waliangamia, watano kati yao wakiwa watoto. Mbio hizo zilikomeshwa. Ferrari alishtakiwa, na kesi ikamning'inia kichwani hadi 1961 alipoondolewa lawama. Gazeti la Vatican lilimfananisha na Saturni, yule wa hekaya za kale aliyewala wanawe mwenyewe.

Aliondolewa lawama na mahakama, lakini hakuna mahakama iliyomuuliza swali gumu zaidi, nalo ni jinsi alivyowachochea madereva wake washindane wao kwa wao na kuwaacha wakiwa hawajui nani atakuwa na gari wiki ijayo. Waliofanya kazi naye walitofautiana kuhusu jambo hilo. Wengine walimwona baba, wengine mtu asiye na huruma. Mwishoni mwa 1961 kundi la wakuu wake, wakiwemo wahandisi Carlo Chiti na Giotto Bizzarrini, waliondoka kwa mpigo mmoja kutokana na mzozo ofisini. Ferrari alimkabidhi Mauro Forghieri, kijana wa miaka 26, uhandisi wa magari ya mashindano na kazi ikaendelea.

Mwaka wa 1963 alikaribia kuiuza kampuni kwa Ford ya Marekani. Mazungumzo yalivunjika alipogundua kwamba hangekuwa na uhuru kamili juu ya fedha za mashindano. Ford ililipiza kisasi mwaka wa 1966, magari yake yalipotwaa nafasi tatu za kwanza Le Mans.

Hatimaye aliyempokea alikuwa Fiat, kampuni iliyomfukuza akiwa kijana. Mwaka wa 1969 Fiat ilinunua nusu ya Ferrari. Makubaliano yalikuwa wazi: idara ya mashindano ingebaki mikononi mwake, na magari ya kuuza yangekuwa shughuli ya Fiat. Kwa mtu aliyeyaona magari hayo kuwa njia tu ya kupata pesa, mpango huo haukuonekana kuwa hasara.

Magari yasiyo na mashindano

Miaka ya themanini ilimkuta Ferrari akiwa mzee lakini hajastaafu. Timu yake ilikuwa imetwaa ubingwa wa langalanga kupitia kwa Niki Lauda mwaka wa 1975 na 1977, kisha Jody Scheckter mwaka wa 1979. Baada ya hapo ubingwa wa madereva haukurudi tena Maranello katika uhai wake. Magari ya kuuza nayo yalikuwa yamebadilika. Yalikuwa mapana, yenye ngozi laini na starehe tele, na miongoni mwa mashabiki wa zamani kulikuwa na manung'uniko kwamba farasi amenenepa.

Wakati huo chama cha kimataifa cha mashindano ya magari kilikuwa kimeanzisha daraja lililoitwa Kundi B. Kampuni ilihitaji kuunda magari 200 tu ili ikubaliwe kushiriki, na sheria ziliruhusu karibu kila kitu. Wapenzi wa Safari Rally walilijua vyema kundi hilo, kwa sababu Toyota Celica zilizowapa ushindi Waldegård na Juha Kankkunen kati ya 1984 na 1986 zilitoka humo.

Ferrari ilitaka kushindana katika Kundi B, si matopeni bali kwenye barabara za lami za viwanjani. Mnamo 1984 ilionyesha mjini Geneva gari liitwalo GTO, ambalo wengi hulitaja kama 288 GTO. Kiini chake kilikuwa injini ya silinda nane ya ujazo wa lita 2.8 yenye turbo mbili na nguvu za farasi 400. Magari 272 yaliundwa na yote yakapata wenyewe upesi.

Mhandisi aliyesimamia kazi hiyo alikuwa Nicola Materazzi, mzaliwa wa kusini mwa Italia, aliyewahi kuhudumu Lancia wakati wa Stratos. Alikuwa bingwa wa turbo. Kifaa hicho, kwa maneno mepesi, hutumia moshi ambao injini inautupa. Moshi huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, nalo huzungusha jingine linalosukuma hewa kwa nguvu kuingia kwenye silinda. Hewa ikiwa nyingi, petroli nyingi zaidi huchomeka, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Dosari yake ni kwamba moshi huchukua muda kushika kasi, hivyo dereva hukanyaga akangoja, kisha nguvu zote humjia kwa pamoja.

Materazzi na wenzake waliendelea kuliboresha gari hilo kwa ajili ya mashindano. Yakatokea magari machache yaliyoitwa GTO Evoluzione, yenye nguvu za farasi takriban 650 na bodi za nyuzi za kaboni na plastiki.

Kisha msiba ukaingia. Machi 1986, gari la Kundi B liliwagonga na kuwaua watazamaji nchini Ureno. Mei mwaka huo Henri Toivonen na msaidizi wake Sergio Cresto waliteketea ndani ya Lancia kisiwani Corsica. Kundi B likapigwa marufuku kuanzia msimu uliofuata, na mashindano ya viwanjani ambayo Ferrari iliyangojea hayakuwahi kuanza. Maranello ikabaki na magari yenye nguvu za kutisha na hakuna mahali pa kuyapeleka.

Kampuni nyingine ingeyafunika kwa turubai na kusahau. Mzee aliona vingine. Katikati ya 1986 alimtaka Materazzi ayageuze magari hayo kuwa gari la barabarani, na alitaka likamilike kabla ya maadhimisho ya miaka 40. Ulikuwa umebaki mwaka mmoja na ushei. Kampuni nyingi huchukua miaka minne au mitano kufanya kazi kama hiyo.

Miezi kumi na mitatu

Uharaka huo ndio uliolipa F40 sura yake. Hapakuwa na muda wa kubuni kila kitu upya, kwa hivyo mafundi walianza na walichokuwa nacho. Injini ya silinda nane ilipanuliwa kidogo ikafika ujazo wa sentimita 2,936. Turbo mbili za kampuni ya Kijapani ya IHI zilisukuma hewa kwa shinikizo la bar 1.1, na nguvu zikafika farasi 478 injini inapozunguka mara 7,000 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya farasi 160 kwa kila lita, kiwango kilichokuwa nadra sana kwa gari lenye nambari za usajili.

Shida ya pili ilikuwa uzito. Fremu ilikuwa ya mabomba ya chuma, njia ya kale ambayo mafundi wa Maranello waliifahamu kwa ndani na nje. Juu ya mabomba hayo waligandisha kwa gundi mabamba ya nyuzi za kaboni na Kevlar, mbinu waliyoijifunza katika langalanga. Ndoa hiyo ya ukale na usasa ilizaa fremu nyepesi na ngumu kuliko ya chuma peke yake. Bodi nayo ilikuwa ya nyuzi hizo hizo, na rangi ilipakwa nyembamba kiasi kwamba mtu akiinama karibu anaona msuko wa nyuzi chini ya wekundu.

Baada ya hapo likaanza kazi ya kupunguza. Vioo vya madirisha ya magari ya kwanza vilikuwa vya plastiki, vya kusukumwa kando kwa mkono. Viti vilikuwa maganda magumu yaliyovishwa kitambaa, na mnunuzi alipimwa ili apewe kinachomtosha. Pedali zilitobolewa matundu. Usukani haukuwa na msaada wa mitambo. Breki hazikuwa na kisaidizi, hivyo dereva alitegemea msuli wa mguu wake. Kiyoyozi peke yake ndicho kilichosamehewa, kwa kuwa joto la injini iliyo mgongoni lingemkaanga mtu. Kampuni ilitangaza uzito wa kilo 1,100 bila mafuta na maji, takriban sawa na gari dogo la familia.

Umbo lilichorwa katika kampuni ya Pininfarina chini ya Leonardo Fioravanti, mchoraji aliyekuwa ameyapa sura magari mengi ya Ferrari. Pietro Camardella, kijana wakati huo, alihusika pia. Bawa la nyuma halikuwa pambo. Kwa kasi ya kilomita 300 kwa saa hewa hutaka kuliinua gari, na bawa lile liliikandamiza sehemu ya nyuma ishike lami. Pirelli nao walitengeneza matairi mapya, P Zero, na ya nyuma yalikuwa na upana wa milimita 335.

Dario Benuzzi, dereva mkuu wa majaribio, ndiye aliyelipeleka barabarani na uwanjani Fiorano, karibu na kiwanda, hadi likatulia. Kutulia huku si kama kwa gari la kawaida. Waliopata kuliendesha husimulia jambo moja: chini ya mizunguko 4,000 hivi huenda kwa upole usiotarajiwa, kisha turbo zinaamka na dereva anasukumwa mgongoni kana kwamba amegongwa kwa nyuma.

Kasi iliyotangazwa ilikuwa kilomita 324 kwa saa. Mpinzani wake wa wakati huo, Porsche 959 ya Ujerumani, nalo ni zao la Kundi B, lilikuwa na mitambo ya elektroniki, magurudumu manne yaliyovuta na starehe zote. Wajerumani walijaribu kuonyesha gari la kesho litakuwaje. Mzee wa Maranello alijibu kwa gari la jana lililonolewa upya. Mtaalamu angeweza kusema 959 ilikuwa kazi bora zaidi ya uhandisi, na pengine angekuwa sahihi. Hata hivyo ni vigumu kukana kwamba ndani ya F40 mtu alikutana na kile Ferrari alichokipigania tangu Modena: injini kwanza, na mengine baadaye.

Hapa ndipo jibu la swali la mwanzo linapopatikana. Mashindano yalikuwa yamemnyima ubingwa, na kampuni ilikuwa njiani kwenda kwa wengine. Kilichobaki kwenye karakana kilikuwa gari la mashindano lisilo na mashindano. Kuliweka barabarani ilikuwa njia pekee ya kulizuia lisife.

Miezi ya mwisho

Mnamo Februari 18, 1988, alitimiza miaka 90 na akala chakula cha mchana na wafanyakazi wake kiwandani. Juni mwaka huo Papa Yohane Paulo wa Pili alizuru Maranello. Mzee alikuwa mgonjwa mno asiweze kumpokea, wakazungumza kwa simu. Hata katika hali hiyo alikuwa bado anateua madereva. Wa mwisho kumchagua mwenyewe alikuwa Mwingereza Nigel Mansell.

Alifariki nyumbani Modena mnamo Agosti 14, 1988. Kwa matakwa yake habari hazikutangazwa hadi alipokwisha kuzikwa, katika kaburi la familia kwenye makaburi ya San Cataldo, alikolala babake na Dino. Hisa za Fiat zikapanda hadi asilimia 90 kama ilivyokubaliwa, na asilimia 10 zikabaki kwa Piero.

Siku 28 baadaye mbio za langalanga zilifanyika Monza. Msimu huo timu ya McLaren, yenye Ayrton Senna na Alain Prost, ilikuwa imeshinda mbio zote zilizotangulia. Injini ya Prost ilikatika. Senna aliongoza hadi ikasalia mizunguko miwili, akagongana na gari lililokuwa nyuma kwa mzunguko. Gerhard Berger na Michele Alboreto wa Ferrari wakamaliza wa kwanza na wa pili mbele ya umati wa Waitalia. Kati ya mbio 16 za mwaka huo, hizo ndizo pekee ambazo McLaren haikushinda.

F40 nalo lilipita njia ambayo huenda isingemfurahisha mzee. Mpango ulikuwa kuunda magari 400. Kifo chake kiliongeza tamaa ya wanunuzi, na wengi wao hawakukusudia kuendesha bali kulanguа. Bei iliruka mara kadhaa ya ile ya kiwandani, na mwaka wa 1990 iliripotiwa kwamba F40 ya Mansell iliuzwa kwa takriban pauni milioni moja za Uingereza. Kiwanda kikaendelea kuunda, na uzalishaji ulipokoma mwaka wa 1992 magari zaidi ya 1,300 yalikuwa yametoka, karibu yote mekundu. Mengi yalifungiwa ndani ya majengo ya matajiri yakingoja bei ipande.

Si yote yaliyofungiwa. Machache yaliondolewa hata kile kidogo kilichosalia ndani, yakaongezewa nguvu na kupelekwa Marekani kushindana. Mnamo Oktoba 1989, katika uwanja wa Laguna Seca, California, Jean Alesi aliliendesha mojawapo akamaliza wa tatu.